Msomi aliyemsaka silikanti kwa miaka 14 asimwone akiwa hai

MKAZI yeyote wa mitaa ya Eastlands jijini Nairobi anaijua Kariokor. Maelfu hupita hapo kila siku wakielekea Gikomba, Ziwani au Pumwani, lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba jina hilo ni matamshi ya Kiswahili ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Makumi ya maelfu ya wapagazi hao waliangamia kwa njaa, malaria na kuhara damu katika nchi iliyoitwa wakati huo Afrika Mashariki ya Wajerumani, ambayo sehemu yake kubwa leo ni Tanzania bara. Majina ya wengi wao hayakuandikwa popote.

Katika vita hivyo hivyo alikuwamo kijana Mzungu kutoka Afrika Kusini, mwanafunzi aliyeacha masomo akavaa sare za jeshi. Naye aliugua malaria na kuhara damu. Alinusurika, ingawa mwili wake haukurejea kuwa na siha kamili maisha yake yote. Jina lake lilikuwa James Leonard Brierley Smith, na miaka mingi baadaye dunia nzima ilimfahamu kwa kifupi cha J.L.B. Smith.

Umaarufu wake haukutokana na bunduki. Ulitokana na samaki mmoja wa vilindini ambaye wataalamu waliamini alikuwa ametoweka duniani kwa zaidi ya miaka milioni 60. Samaki huyo ni silikanti, ambaye wavuvi wa Visiwa vya Komoro humwita gombesa.

Kisa cha maisha ya Smith kina funzo kubwa kuhusu jambo moja linaloonekana dogo: namna mkono wa mwanadamu unavyomshika kiumbe wa vilindini, na kile kinachopotea mkono huo unapokuwa mgumu mno au unapochelewa.

MKEMIA ALIYEPENDA SAMAKI

Smith alizaliwa mnamo Septemba 1897 katika mji mdogo wa Graaff-Reinet, nchini Afrika Kusini. Hakusomea samaki. Alisomea kemia, akapata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka wa 1922, kisha akarudi nyumbani kufundisha somo hilo katika chuo cha Rhodes mjini Grahamstown, mji ambao tangu mwaka wa 2018 huitwa Makhanda.

Uvuvi kwake ulianza kama burudani ya kupunguza machovu ya darasani na maumivu ya mwili. Kidogo kidogo burudani ikageuka kazi. Alianza kuwapima samaki, kuwahesabia magamba na miiba ya mapezi, na kuwaandikia makala za kitaalamu. Makumbusho madogo ya pwani ya Afrika Kusini yakazoea kumtumia samaki waliowashinda kuwatambua.

Mojawapo ya makumbusho hayo lilikuwa la mji wa East London, lililosimamiwa na mwanamke kijana, Bi Marjorie Courtenay-Latimer. Mnamo Desemba 22, 1938, Bi Latimer alikwenda bandarini kuangalia shehena ya meli ya uvuvi iliyoitwa Nerine, chini ya nahodha Hendrik Goosen. Chini ya lundo la papa na taa aliona pezi la rangi ya buluu lisilofanana na pezi lolote alilolijua.

Alipowafukua samaki wengine, alimkuta mmoja mwenye urefu wa mita moja na nusu na uzani wa karibu kilo 57. Magamba yake yalikuwa magumu kama ngao, na mapezi yake yalikaa juu ya vikonyo vya nyama mithili ya miguu mifupi.

Dereva wa teksi alinung'unika kumbeba samaki huyo. Chumba cha kuhifadhia maiti kilikataa kumpokea, na ghala la barafu likakataa vilevile. Ilikuwa ni kiangazi, joto lilikuwa kali, na makumbusho hayakuwa na chombo cha kumtosha. Bi Latimer alimfunga kwa magazeti na vitambaa vilivyolowekwa dawa ya formalini, kisha akamwandikia Smith barua yenye mchoro.

BARUA ILIYOCHELEWA

Smith alikuwa likizoni Knysna, mamia ya kilomita kutoka East London. Barua ilimfikia Januari 3, 1939. Alipoutazama mchoro huo alitambua umbo alilokuwa amelisoma katika vitabu vya visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe. Mara moja alituma simu ya maandishi akisihi mifupa na matamvua ya samaki huyo vihifadhiwe.

Maskini, alikuwa amechelewa. Samaki alikuwa ameanza kuoza, fundi wa kukausha wanyama alikuwa amekwisha kumchuna, na viungo vyote vya ndani vilikuwa vimetupwa. Smith alipofika East London katikati ya Februari alikuta ngozi iliyojazwa na baadhi ya mifupa ya kichwa.

Hayo yalitosha kuthibitisha kwamba silikanti hakuwa ametoweka. Smith alimpa jina la kisayansi la Latimeria chalumnae, akimheshimu Bi Latimer pamoja na mto Chalumna, ambao samaki huyo alinaswa karibu na mlango wake. Habari hizo zilienea ulimwenguni kote.

Hata hivyo, maswali makubwa yalibaki bila majibu. Moyo wa samaki huyo ulikuwaje? Ubongo wake je? Alitaga mayai au alizaa? Vyote vilivyoweza kujibu vilikuwa vimeishia jaani. Tangu siku hiyo Smith hakupumzika, kwani alitaka silikanti mwingine aliye mzima.

MIAKA 14 YA KUSAKA

Vita vya Pili vya Dunia vilichelewesha msako. Baada ya vita Smith aliiacha kemia kabisa na kujitolea kwa samaki. Mkewe Margaret, waliyefunga ndoa mwaka wa 1938, alikuwa mwenzake katika kila safari na mchoraji stadi wa samaki. Kitabu chao kikubwa kuhusu samaki wa bahari ya kusini mwa Afrika kilitoka mwaka wa 1949.

Wawili hao walipanda kaskazini kwa hatua, wakaingia Msumbiji, kisha Pemba, Unguja na pwani ya Kenya. Smith aliamini kwamba samaki wa East London alikuwa mpotevu tu, na kwamba makao ya jamaa zake yalikuwa katika bahari yenye joto upande huu wetu.

Alichapisha karatasi zenye picha ya silikanti kwa lugha za Kiingereza, Kifaransa na Kireno, akaahidi zawadi ya pauni 100 kwa atakayempata. Kwa mvuvi wa mtumbwi enzi hizo, hizo zilikuwa fedha za kubadilisha maisha.

Hapa haifai kuficha upande mwingine wa mtu huyu. Smith aliyelilia viungo vilivyotupwa ndiye huyo huyo aliyekusanya samaki wa miambani kwa baruti na kwa sumu. Aliwalipua, kisha wasaidizi wake wakawaokota waliokufa. Mbinu hiyo ilikuwa ya kawaida miongoni mwa wakusanyaji wa wakati wake, na ilimpa maelfu ya samaki wa kuchora na kuwapa majina. Lakini msomaji wa leo, anayejua jinsi uvuvi wa baruti ulivyobomoa matumbawe ya pwani ya Tanzania, hawezi kulipita jambo hilo bila kuguna.

Mnamo mwaka wa 1952 wakiwa Zanzibar, mume na mke hao walikutana na Eric Hunt, nahodha Mwingereza aliyefanya biashara kwa jahazi lake kati ya Zanzibar na Komoro. Hunt alizichukua karatasi za zawadi na kuzisambaza visiwani humo.

USIKU WA DOMONI

Usiku wa Desemba 20, 1952, mvuvi Ahamadi Abdallah alikuwa akivua kwa mshipi karibu na Domoni, katika kisiwa cha Nzuwani, ambacho Wafaransa hukiita Anjouan. Alivuta samaki mzito, akampiga kichwani ili kumtuliza, akamleta nchi kavu. Kesho yake samaki alipelekwa sokoni auzwe kama kitoweo.

Mwalimu wa shule, Affane Mohamed, alimwona samaki huyo kabla hajakatwa vipande. Alikumbuka picha aliyoiona kwenye karatasi ya Hunt, akawazuia wenye kisu. Wanaume wakambeba samaki huyo mabegani, wakavuka milima ya kisiwa umbali wa karibu kilomita 40 chini ya jua kali hadi Mutsamudu, alikokuwa Hunt.

Hunt hakuwa na formalini. Mabaharia wake walifanya kile kila mvuvi wa pwani angefanya: wakampasua na kumtia chumvi kama ng'onda. Baadaye alipata dawa kwa daktari na kumdunga samaki, kisha akatuma simu kwa Smith.

Siku hizo Smith na mkewe walikuwa melini wakirudi kutoka Kenya. Simu ilimkuta bandarini Durban, siku moja kabla ya Krismasi. Ofisi zilikuwa zimefungwa, ndege za abiria za kwenda Komoro hazikuwapo, na samaki alikuwa akiharibika. Baada ya kuhangaika mlango hadi mlango, alimpigia simu Waziri Mkuu wa Afrika Kusini, D.F. Malan.

Malan aliongoza serikali iliyoleta ubaguzi wa rangi, na kabla ya siasa alikuwa mhubiri wa kanisa lisiloamini kwamba viumbe walitokana na mageuko ya muda mrefu. Pamoja na hayo alitoa ndege ya kijeshi aina ya Dakota. Mnamo Desemba 29 ndege hiyo ilitua katika kisiwa cha Mayotte, ambako jahazi la Hunt lilikuwa limetia nanga.

Kasha lilipofunuliwa, Smith alipiga magoti akalia machozi mbele ya watu wote.

SAMAKI MZIMA ASIYE MZIMA

Furaha yake ilikuwa na dosari. Silikanti huyo alikuwa amepasuliwa kwa ajili ya chumvi, na kichwa chake kilikuwa kimeumia kwa kipigo. Pezi moja la mgongoni halikuwapo. Kwa sababu hiyo Smith alidhani ni aina mpya, akamwita Malania anjouanae kwa heshima ya waziri mkuu na kisiwa. Baadaye ilibainika kwamba alikuwa Latimeria yule yule aliyepoteza pezi. Kosa hilo la jina lilitokana na samaki kuharibika, wala si upungufu wa elimu.

Pigo kubwa zaidi lilifuata. Wafaransa, waliotawala Komoro wakati huo, walikasirishwa na kuona hazina hiyo ikirushwa kwenda nchi nyingine. Waliwafungia milango watafiti wa kigeni, na kazi ya kupasua na kueleza viungo vya silikanti ikaenda kwa wanasayansi wa Paris chini ya Jacques Millot. Smith, aliyewaonyesha walimwengu mahali pa kutafuta, akabaki kutazama kwa mbali.

Mwaka wa 1954 wavuvi wa Nzuwani walimpata silikanti aliyekuwa bado hai. Walimweka ndani ya mashua iliyozamishwa na kujazwa maji ili atazamwe. Alikufa siku iliyofuata. Kiumbe aliyezoea baridi na giza hakuweza kustahimili joto na mwanga wa juu. Smith hakuwapo.

Aliendelea kufanya kazi bila kuchoka. Kitabu chake cha 1956 kuhusu msako huo kilisomwa katika nchi nyingi, naye akaandika kuhusu samaki wa Seychelles na wa Bahari ya Hindi kwa jumla. Rafiki yake Hunt alipotea baharini mwaka huo huo wa 1956 baada ya jahazi lake kukwama mwambani.

Mnamo Januari 1968, akiwa na umri wa miaka 70 na amedhoofishwa na maradhi ya muda mrefu, Smith alijitoa uhai mjini Grahamstown. Margaret hakuiacha kazi hiyo izimike. Aliongoza taasisi ya utafiti wa samaki iliyopewa jina la mumewe, ambayo leo ni taasisi ya kitaifa ya Afrika Kusini ya viumbe wa majini, hadi miaka ya 1980. Aliaga dunia mwaka wa 1987.

KAMERA BADALA YA KISU

Mwaka huo huo wa 1987, mtafiti Mjerumani Hans Fricke alizama kwa nyambizi ndogo kando ya kisiwa cha Ngazidja, huko Komoro, akawapiga picha za filamu silikanti wakiwa hai nyumbani kwao. Ilikuwa imepita miaka 19 tangu Smith afe.

Filamu hizo zilifuta dhana ambayo Smith aliishi nayo. Kwa kuwa aliwajua samaki waliokufa tu, aliamini kwamba mapezi yale yenye vikonyo yaliwasaidia kutambaa juu ya miamba, na ndiyo sababu alimfikiria silikanti kuwa samaki wa miguu minne. Kamera ilionyesha kwamba hatembei. Huelea polepole akipunga mapezi kwa zamu, na mchana hujificha mapangoni.

Jambo ambalo kisu hakingeweza kulifichua kwa miaka 100, macho yaliligundua kwa dakika chache, bila kumgusa samaki.

Lakini si kila swali hujibiwa kwa macho. Mtafiti huhitaji kipande cha nyama, gamba, au kiumbe mzima wa kupimwa. Hapo ndipo ugumu wa kushika unaporudi. Mikono ya roboti zinazozama vilindini iliundwa kwa kuigwa ile ya wachimbaji wa mafuta: makucha ya chuma yenye nguvu ya kukaza nati na kukata mabomba. Ikimshika tumbawe laini au konyeza, humponda.

Katika mwaka wa 2016, Robert Wood wa Chuo Kikuu cha Harvard na mwanabiolojia David Gruber, wote wa Marekani, walitangaza mkono wa roboti wenye vidole vya mpira. Vidole hivyo hujikunja pole vinapojazwa maji kwa shinikizo, mithili ya kidole cha mtoto kinachozunguka kidole cha mama. Ulijaribiwa katika Bahari ya Shamu, ukaokota matumbawe laini bila kuyavunja.

Wenzao walifuata na kifaa kingine mwaka wa 2018. Hicho kina petali tano zinazojikunja kama karatasi, zikamzingira kiumbe ndani ya chumba kidogo chenye pande 12 bila kumbana. Mwaka wa 2019 wakaja na vidole vyembamba kama tambi, vinavyomkumbatia konyeza kwa mgandamizo mdogo kuliko ule wa kope ya jicho, kisha vikamwachilia aende zake.

Vifaa hivyo viliundiwa viumbe wadogo, si samaki wa kilo 60. Lakini wazo lake ndilo lile lile ambalo maisha ya Smith yanalidai kila ukurasa: mshike kiumbe kwa namna ambayo hutaharibu kile ulichokuja kukitafuta, na ikiwezekana umrudishe.

SAMAKI HUYU NI WETU PIA

Suala hili si la wageni peke yao. Mnamo Aprili 2001, silikanti alinaswa katika nyavu za meli ya uvuvi karibu na Malindi, na watafiti wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya wakamwandikia ripoti. Alikuwa wa kwanza kuthibitishwa nchini mwetu.

Kuanzia mwaka wa 2003, makumi ya silikanti walinaswa Tanzania, hasa Tanga, katika jarife, nyavu za papa zinazotegwa kwenye kina kirefu. Serikali ya nchi hiyo ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ya Tanga mwaka wa 2009.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2021 ulionyesha kwamba silikanti anaweza kuishi karibu miaka 100, hukomaa akiwa na takriban miaka 50 na zaidi, na mimba yake huchukua miaka mitano. Samaki wa namna hiyo hawezi kufidia hasara ya jarife kwa haraka. Kila mmoja anayekufa wavuni ni pengo la nusu karne.

Kwa mnunuzi wa ngege, mbuta au omena pale Gikomba, silikanti hana faida. Nyama yake ina mafuta yasiyolika vizuri, na wavuvi wa Komoro hawakumthamini kwa chakula. Thamani yake ni kwamba yupo bado.

Limebaki deni moja. Jina la silikanti linamkumbuka Bi Latimer, na kwa muda lilimkumbuka hata Malan, aliyetoa ndege tu. Ahamadi Abdallah aliyemvua samaki wa pili, na Mwalimu Affane Mohamed aliyemwokoa na kisu cha sokoni, hawakupewa jina la pezi wala la gamba. Ahamadi alilipwa pauni zake 100, na historia ikaendelea na safari yake.

Waliowabeba mizigo wanajeshi wa mwaka wa 1916 walibakiwa angalau na jina la mtaa. Wale waliombeba silikanti kilomita 40 juu ya milima ya Nzuwani hawana hata hilo. Lau wangelegea njiani, Smith angelilia kasha la samaki aliyeoza, na sisi tusingekuwa na kisa cha kusimulia.